Kidonge Chenye Kiboko

Vidonge vya presha vya nchi ile vilikuwa haviyeyuki. Mgonjwa alimeza kidonge asubuhi, kikashuka tumboni, kikasafiri safari yake yote, na kesho yake kikatoka kama kilivyoingia: kizima, cheupe, kinang'aa, na nembo ya taifa juu yake ikionekana vizuri. Nembo hiyo ilikuwa kiboko aliyefumba macho, ishara ya amani.

Aliyevitengeneza alikuwa Injinia Habakuki Mtengeti, naye alijua. Wananchi hawakujua, kwa hiyo walikuwa na raha. Wakubwa walijua, lakini wao walishazoea kujua mambo. Habakuki peke yake ndiye aliyejua bila kuzoea, na hali hiyo ni mbaya sana kwa mtu wa tumbo dogo.

Nchi yenyewe usiitafute kwenye ramani. Ina bendera, ina wimbo, ina foleni. Inatosha.

*

Zamani kiwanda cha dawa cha taifa kilikuwa cha wafamasia. Injinia wa kwanza aliletwa kuziba paa lililokuwa likivuja juu ya magunia ya unga. Alipoliziba, ikagundulika kwamba kazi ya injinia inaonekana kwa macho na inaweza kupigwa picha, wakati kazi ya mfamasia iko ndani ya kidonge, hakuna anayeiona. Basi akaletwa injinia wa hewa, akaja wa maji machafu, akaja wa maboksi, kisha akaja wa kuwasimamia hao waliotangulia.

Tusiwaonee. Walifanya mengi mazuri. Panya walihama. Vumbi lilikoma. Mashine iliyokuwa ikitoa vidonge kwa kukohoa ikaanza kuvimwaga kama mvua ya mawe. Lakini kila injinia alipoingia kwa mlango wa mbele, mfamasia mmoja alistaafishwa kwa mlango wa nyuma, mpaka akabaki mmoja tu, Mama Perpetua Ndimbo, ambaye aliachwa kwa ajili ya kuonyeshwa wageni.

Wakati huohuo serikali ilikuwa inabana matumizi. Wizara ya Afya iliunganishwa na Wizara ya Ujenzi, na Mheshimiwa Gervasi Kilatu akaapishwa kuwa Waziri wa Afya na Barabara. Katika hotuba yake ya kwanza alisema kwamba binadamu na barabara ni kitu kimoja, kwa kuwa vyote vinatakiwa kupitika. Watu walipiga makofi. Hotuba ilichapishwa ikabandikwa wodini.

Siku ya kuzindua mashine mpya alikuja Mkuu wa Nchi mwenyewe, amevaa suti nyeusi. Akapewa kidonge kwenye sahani ya fedha. Akakishika kwa vidole viwili, akakiinua mbele ya kamera ili taifa lione, kisha akakibana kwa furaha. Kidonge kikapasuka. Unga mweupe ukamwagika kwenye suti kuanzia tai mpaka zipu.

Zikasikika feni tu. Mpiga tarumbeta mmoja, kwa woga tu, akaanza wimbo wa taifa, na watu wote wakasimama wima huku Mkuu akipanguswa.

"Hiki ni kitu gani?" Waziri alifoka.

"Ni kidonge, Mheshimiwa," alisema Mama Ndimbo. "Kilikuwa laini kupita kiasi, hilo tutarekebisha. Lakini kidonge lazima kivunjike. Kisipovunjika tumboni, dawa haitoki."

"Lazima kivunjike!" Waziri aliwageukia wageni. "Mmemsikia? Kitu cha taifa lazima kivunjike! Mama, leo kidonge, kesho utatuambia chama?"

Macho yake yakamwangukia Habakuki, aliyekuwa amesimama kando ya mashine na spana mkononi.

"Wewe. Kabla ya hapa ulikuwa wapi?"

"Kiwanda cha vigae vya sakafu, Mheshimiwa."

"Vigae unatengeneza na nini?"

"Unga wa udongo, Mheshimiwa. Tunaubana."

"Na kidonge?"

"Unga, Mheshimiwa. Tunaubana."

"Vigae vyako vinavunjika?"

"Havivunjiki, Mheshimiwa."

"Unaweza kunitolea kidonge kisichovunjika?"

Habakuki alimwona Mama Ndimbo akitikisa kichwa polepole. Aliona pia, nje dirishani, gari jeupe la Injinia Mkuu limeegeshwa bila mwenyewe, maana mwenyewe alikuwa amefukuzwa muda uleule Mkuu alipokuwa akipanguswa.

"Naweza," alisema.

Baadaye alijaribu mara nyingi kumkumbuka mtu aliyemlazimisha kusema neno lile. Hakumpata.

*

Ubavuni mwa mashine palikuwa na gurudumu la kukazia, kubwa kama usukani wa lori. Habakuki alilizungusha kwa mikono yake mwenyewe mpaka likagoma, kisha akaning'inia juu yake likaenda tena kidogo. Hivyo ndivyo walivyofanya kwenye vigae. Vidonge vilivyotoka vililia kwenye beseni kama kokoto.

Sampuli zikapelekwa kupimwa. Maabara pekee ya wizara ile iliyokuwa na vifaa vizima ilikuwa maabara ya barabara. Huko vidonge vilipigwa nyundo, vikaangushwa kutoka juu ya paa, vikachemshwa ndani ya lami. Mwisho gari la Waziri, lile zito la vioo vyeusi, likapita juu yake, likarudi nyuma, likapita tena, dereva akishangiliwa. Kilichopasuka ni nyundo tu. Taarifa ya maabara ilisema kwamba vidonge vinafaa kwa matumizi ya binadamu na magari ya mizigo.

Mama Ndimbo aliingia kwenye kikao cha Kamati ya Ubora akiwa na glasi tupu.

"Naomba jambo dogo," alisema. "Maji ya uvuguvugu, kama ya tumboni. Tutumbukize kidonge, tukitikisetikise. Kikiyeyuka kabla chai yenu haijapoa, sitasema tena."

Mwenyekiti wa kamati, bingwa wa madaraja, akavua miwani. "Maji?"

"Maji, mwenyekiti."

"Mama, maji ni ya Wizara ya Maji. Sisi ni Afya na Barabara. Tukigusa maji bila kibali tutakuwa tumewaingilia wenzetu."

"Glasi moja tu!"

"Ndiyo maana nasema tuombe. Glasi moja hawatatunyima."

Wakaomba. Wizara ya Maji ikajibu kwamba imefurahi kuombwa, na ikauliza maji hayo yakishatumika yatarudishwa kwa njia gani. Mazungumzo yanaendelea katika mazingira mazuri. Mama Ndimbo alihamishiwa kwenye majosho ya ng'ombe, mbali kidogo na mwisho wa lami.

Siku ya kuondoka Habakuki alimsaidia kubeba sanduku mpaka getini.

"Injinia, sina ugomvi na mashine," Mama Ndimbo alisema. "Nilizipigania mimi. Bila ninyi tungekuwa bado tunapima unga kwa vijiko. Ninachouliza ni kimoja. Pale nilipokuwa nasema, wewe ulikuwa unanielewa, sivyo?"

"Nilielewa kidogo."

"Kidogo kinatosha." Akachomoa ile glasi ndani ya sanduku, akamwekea mkononi. "Shika. Ng'ombe hawaihitaji."

*

Habakuki alikuwa na ndugu mmoja duniani, dada yake Eliwaza, aliyekuwa akikaanga bagia kwenye kona ya Mtaa wa Mabomba. Bagia hizo ndizo zilizomsomesha. Vyeti vyake vyote vilinuka mafuta. Eliwaza alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kusimamisha mkokoteni, na mwenye presha. Tangu mdogo wake alipopewa cheo cha Injinia Mkuu, hakutaka kusikia dawa nyingine yoyote.

"Mtazameni huyu!" aliwaambia wateja Habakuki alipokuja Jumapili moja. "Makamasi yake nilikuwa nayafuta kwa kanga hii hii. Sasa nchi nzima inameza kazi ya mikono yake!"

"Dada, punguza sauti."

"Kwani umeiba?"

Wateja wakacheka. Mzee Shekidele, fundi cherehani aliyekuwa na kibaraza chake hapo jirani, akasema bila kuinua macho kwenye mshono, "Injinia, vidonge vyako vigumu bwana. Nimeuma kimoja, jino limebaki humo."

"Nani kakwambia uume? Vya kumeza vile," Eliwaza akamjibu. "Na jino lenyewe lilishaaga zamani, lilikuwa linatafuta usafiri."

Watu wakacheka zaidi. Habakuki hakucheka. Alikuwa akiitazama miguu ya dada yake, iliyojaa mpaka kamba za ndala zimezama. Akamwona akishika ukingo wa meza, akafumba macho, akangoja kitu kipite, kisha akaendelea kugeuza bagia.

"Kichwa?" aliuliza.

"Kinagonga kidogo. Ni dawa inafanya kazi."

Habakuki alirudi kwake mchana uleule, akachemsha maji, akayapooza, akayamimina kwenye glasi ya Mama Ndimbo. Akatumbukiza kidonge. Akakitikisa. Akanywa chai, akapiga pasi shati, akaenda kwenye ibada ya jioni akaomba kwa muda mrefu, akarudi. Kiboko alikuwa palepale chini ya glasi, amefumba macho, hana habari.

Angeweza kesho yake kwenda kiwandani akalegeza gurudumu. Lakini Mkuu wa Nchi alishatangaza kwenye redio kwamba kidonge kile ni uthibitisho wa uimara wetu, na nishani ya Habakuki ilikuwa imeshaagizwa, na gari jeupe lilikuwa na kiyoyozi. Kwa hiyo hakwenda kulegeza gurudumu. Alikwenda Hospitali ya Wakubwa.

Hospitali hiyo ilikuwa na dirisha la nyuma ambako dawa za nchi za nje ziliuzwa kwa watu wachache wanaojuana. Habakuki alikuwa ndiyo kwanza amepokea kifurushi chake alipogeuka akagongana kifua na Mheshimiwa Waziri, naye akiwa na kifurushi.

"Injinia! Unaumwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Namnunulia mgeni."

"Eh. Na mimi. Mgeni." Waziri alikisogeza kifurushi chini ya koti. "Tuna wageni wengi sana mwaka huu."

"Wengi, Mheshimiwa."

Waziri akamshikia mlango apite. Hajawahi kumshikia mtu mlango, si kabla wala baada ya siku hiyo.

Jumapili iliyofuata, Eliwaza alipokuwa akiwahudumia wateja, Habakuki aliingia ndani, akalifungua kopo la dawa la dada yake, akavimwaga vya kiboko mfukoni, akalijaza vya nje. Vyote vilikuwa vyeupe. Eliwaza hakuwa na miwani na hakuwa na shaka. Aliona cheupe, akameza.

Miguu yake ikashuka. Kichwa kikaacha kugonga. Sauti ikarudi na nguvu zake zote. Habakuki akajisemea kwamba angalau mmoja ameokoka.

*

Kisha kwenye mabwawa ya majitaka mitambo ikaziba. Injinia wa mabwawa akatoa ndoo nzima ya vijiwe vyeupe, akaviosha, akaona kiboko. Kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, alivipeleka kwa Waziri.

"Vyote vizima?" Waziri aliuliza.

"Vyote, Mheshimiwa."

"Hata nembo?"

"Hata kope za kiboko, Mheshimiwa."

Waziri aliinuka kitini. Wiki ileile alitangaza kwamba taifa limepata dawa ya kwanza duniani isiyokwisha. Alisema baba ataweza kumrithisha mwanawe. Alisema nchi tajiri, pamoja na utajiri wao, dawa zao hupotea tumboni siku moja tu, hasara tupu.

Lakini habari za ndoo zilikuwa zimeshafika mitaani, na watu wa Mtaa wa Mabomba, ambao walikuwa na vyoo na macho, walishaanza kunong'ona. Mzee Shekidele aliacha vidonge vya kiboko. Akawa anavuka daraja kwenda kwenye zahanati ya masista, waliokuwa wakipata dawa za nje kwa msaada. Wengine wakamfuata. Foleni ya masista ikaonekana mpaka kwenye dirisha la wizara.

Waziri akaja Mtaa wa Mabomba mwenyewe, na jukwaa, na ngoma, na Habakuki pembeni yake akiwa amevaa tai. Hotuba ilikuwa ndefu na watu walikuwa wagumu. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mheshimiwa, meza kimoja tuone!" Waziri akasema amekwishakula.

Hapo ndipo Eliwaza alipopanda jukwaani bila kuitwa. Habakuki alimwona akija, mikono ina unga wa bagia, akatamani jukwaa lianguke.

"Nipeni hicho chombo," Eliwaza alisema, akakichukua kipaza sauti ambacho hakukihitaji. "Ninyi mnanijua. Mlinijua miguu yangu ikiwa kama magunia. Itazameni!" Akapandisha gauni mpaka magotini, akachezesha mguu mmoja, halafu wa pili. Watu wakapiga vigelegele. "Hii ni dawa gani? Ya kiboko! Imetengenezwa na nani? Na huyu hapa! Mdogo wangu atanidanganya mimi? Mzee Shekidele, wewe mwenye jino moja, nitazame! Nani anakunyima uzima? Rudi umeze!"

"Nitarudi, mama," Mzee Shekidele alisema huku akicheka. "Kwa mguu huo nitarudi."

Waziri, ambaye hakuwa mjinga, akamnyooshea Habakuki kipaza sauti. "Injinia, neno kwa wananchi."

Kipaza sauti kilikuwa na joto la mkono wa dada yake. Watu wote walikuwa wanamtazama, nyuso zile alizozijua tangu anatumwa chumvi. Maneno yalikuwa mafupi tu: anachomeza dada si mnachomeza ninyi. Aliyahesabu kichwani, yakakaa sawa.

"Nashukuru," alisema, akarudisha kipaza sauti.

Jumatatu hakuna aliyevuka daraja. Zahanati ya masista ikafungwa na wizara kwa kosa la kukosa maegesho ya magari.

*

Wa kwanza alikuwa Mzee Shekidele mwenyewe. Alianguka juu ya cherehani yake, mguu mmoja ukiendelea kukanyaga. Alipozinduka, upande wa kulia haukuwa wake tena. Akafuata Mama Kulwa, muuza maji. Akafuata Makame wa mkokoteni, aliyeacha mzigo wa watu katikati ya barabara, yeye akiwa chini yake.

"Mbona sote dawa moja?" Eliwaza alimuuliza mdogo wake. "Mimi niko mzima, wao wanadondoka. Au ni mafuta? Wanakula mafuta mengi hawa."

"Huenda ni mafuta," Habakuki alisema. Dada aliyekuwa ameishi kwa kukaanga bagia maisha yake yote, akamwacha aamini hivyo.

Eliwaza akaamua kufanya alichokuwa akifanya siku zote mtu akiugua, yaani kugawana. Alichukua kopo lake akaenda kwa Mzee Shekidele. Mkewe, Bi Tausi, ambaye alikuwa na miwani, akakipokea kidonge, akakigeuza.

"Shoga, hiki mbona hakina kiboko?"

"Kitakosaje kiboko?"

"Shika miwani, jionee."

Eliwaza akavaa miwani ya Bi Tausi. Akatazama cha kwake, akatazama cha Mzee. Akaomba maji ya uvuguvugu vikombe viwili. Kwa nini aliomba maji, mwenyewe hakujua. Alikuwa mtu wa jikoni, na jikoni kitu usichokielewa unakitia kwenye maji.

Alipomwita Habakuki, vikombe vilikuwa mezani, mbele ya karai la bagia ambalo halikuwashwa moto. Kimoja kilikuwa na maji meupe. Kingine kilikuwa na maji safi, na kiboko.

"Haba," alisema. Sauti ilikuwa ya chini. Habakuki hakuwahi kumsikia akiwa na sauti hiyo. "Nieleze kama mtoto wa darasa la kwanza."

Akamweleza. Alieleza gurudumu, na glasi, na dirisha la nyuma, na kopo. Alipofika kwenye jukwaa akavisogeza vikombe kando.

"Endelea."

"Mimi sikukutuma upande jukwaani, dada."

"Hukunituma. Ulinitazama." Eliwaza alikuwa akipangusa meza iliyokuwa safi. "Nimemwita mwenyewe yule mzee. Kwa jina, mbele ya watu. Amerudi kwa sababu ya mguu wangu huu."

"Nilitaka wewe upone."

"Nimepona. Sasa nipeleke nikauoneshe mguu kwa watoto wa Makame." Akalichukua kopo lake, akamwaga vidonge vya nje ndani ya majivu ya jiko, akavisaga kwa kisigino. "Kuanzia leo nameza cha kiboko, kama wenzangu. Ukitaka nipone, tuponye sote."

"Dada, utakufa!"

"Basi fanya haraka, Injinia."

Hakuwahi kumwita Injinia ana kwa ana, ila kwa utani.

*

Habakuki alikwenda kwa Waziri akasema yote. Waziri alimsikiliza kwa upole, akamwagizia chai.

"Kwa hiyo umelidanganya taifa."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Peke yako?"

"Mheshimiwa naye ana wageni."

Waziri alikoroga chai kwa muda mrefu. "Injinia, wewe ni kijana mzuri, lakini una haraka. Ngoja nishani itolewe. Mtu hawezi kukiri kosa ambalo halijapewa nishani, itaonekana kama wivu. Baada ya hapo tutaunda tume."

Habakuki hakungoja. Alipanda gari jeupe, akaendesha mpaka lami ilipoishia, akapita mpaka kwenye majosho, akamkuta Mama Ndimbo amevaa buti, ananuka dawa ya kupe.

"Umekuja na glasi?" Mama Ndimbo aliuliza.

"Nimekuja nayo."

Hakuuliza jingine. Alipanda garini na buti zake.

Kiwandani walifunga mlango. Habakuki alishika gurudumu, Mama Ndimbo alishika glasi, maji wakayachota bombani bila kibali cha mtu. Alilegeza, mashine ikatema kidonge, Mama Ndimbo akakitumbukiza, akasema, "Bado." Akalegeza tena. "Bado." Akalegeza, kidonge kikatoka laini, kikapukutika vidoleni. "Umepita, rudi kidogo." Walifanya hivyo mpaka kikombe cha chai cha Habakuki kikajazwa tena na tena. Mwisho kiboko alianza kumeguka kwenye masikio, kisha pua, kisha akafungua kinywa kama anayepiga mwayo, akaisha. Chai ilikuwa bado inatoa moshi.

"Hapo," Mama Ndimbo alisema. "Hapo ndipo mahali pake. Mimi najua mahali, wewe unajua kupafikia. Ndiyo kazi yote ilikuwa hiyo."

Boksi la kwanza Habakuki alilibeba mwenyewe mpaka Mtaa wa Mabomba. Kona ya bagia ilikuwa tupu. Bi Tausi alikuwa amekaa juu ya karai lililofunikwa, kanga mdomoni.

"Ni jana," alisema. "Alikuwa anawasha moto."

*

Siku ya nishani Mkuu wa Nchi alikuja na suti nyingine nyeusi. Akapewa kidonge kwenye sahani ya fedha. Akakiinua mbele ya kamera, akakibana kwa furaha, kama alivyozoea. Kidonge kizuri huhimili vidole vya mgonjwa, lakini hakikutengenezwa kuhimili furaha ya Mkuu. Unga ukamwagika kuanzia tai mpaka zipu.

Habakuki alikamatwa palepale kwa kosa la kulegeza uimara wa taifa. Mama Ndimbo alishitakiwa kwa kutumia maji. Injinia mpya, kutoka kiwanda cha nondo, akapewa gari jeupe, na gurudumu likakazwa mpaka likagoma. Vidonge vya zamani vilivyobaki ghalani, vile vigumu zaidi, vilimwagwa kwenye uwanja wa zahanati ya masista, vikashindiliwa, na zahanati ikafunguliwa tena kwa shangwe. Sasa ina maegesho. Dawa haina.

Tume iliundwa kuchunguza hasara. Ilikaa hotelini, ikasikiliza watu wake, ikatoa taarifa: suti mbili nyeusi.

Mtaa wa Mabomba haukuunda tume. Hesabu yao ni hii.

Mzee Shekidele, mkono wa kulia na mguu wa kulia.

Bi Tausi, usingizi, na macho ya kazi, kwa kuwa sasa anashona yeye.

Mama Kulwa, amezikwa.

Makame wa mkokoteni, amezikwa. Watoto watatu.

Mwalimu Hosea na mkewe, waliosikia hotuba ya Eliwaza wakiwa dirishani, wamezikwa wiki moja.

Eliwaza, ulimi, na mkono wa kukaangia. Yuko hai. Jumapili Habakuki, aliyekwishatoka gerezani na ambaye sasa anapanga vigae kwenye nyumba za watu, humletea dawa ya nje aliyoinunua kwa jasho lake. Humsogezea kidonge mdomoni. Eliwaza humtazama na kufunga mdomo, mpaka Bi Tausi akichukue kutoka mkononi mwa Habakuki, ampe yeye. Hapo hukimeza.